Kwa Nyar Kanyamwa, Uliyemwachisha Mwanangu Kunyonya

Kwako Nyar Kanyamwa,

Mimi mzima, na hofu juu yako sina. Barua zetu za zamani zilianza kwa "mpendwa dada", nawe ukinicheka kwamba naandika kama mwalimu wa darasa la pili. Hii haina mpendwa. Nimetafuta anwani yako nikashindwa. Mchuuzi mmoja wa Isebania ananiambia umefungua duka la nguo Migori, mwingine anaapa bado uko Homa Bay katika nyumba ileile. Basi nimeamua iwe barua ya wazi, aisome anayetaka, na akikufahamu akusomee, maana miwani hukuipenda hata ulipoanza kusoma magazeti kwa mkono ulionyooshwa.

Nianze na mema, usije ukasema nimekuonea. Ulikuja kwangu Musoma kununua khanga, malaria ikakulaza kitandani kwangu wiki mbili, na ulipoinuka tukawa ndugu. Masatu alikuwa mchanga wa miezi sita. Ulikuwa ukimbeba mgongoni ukimwimbia nyimbo za kwenu, na alikuwa akitulia kwako upesi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Siku unaondoka ulilia. Ulisema, "Nyar Musoma," yaani binti wa Musoma kwa lugha yenu, "sasa zamu yako kuja kwetu," na mimi nikaahidi nitakuja.

Kuna jambo hukulijua, nami sikukwambia. Kabla ya Masatu nilizika mmoja. Na nilipomzaa Masatu damu haikukata, madaktari wakatoa kizazi ili nibaki hai. Waliojua ni mume wangu na mama yangu, basi. Unajua wanavyosemwa wanawake walioondolewa kizazi. Wewe ulipokuwa ukiniuliza, "Na mwingine lini?" nilicheka nikajibu Mungu akipenda. Mungu alikuwa ameshamaliza na mimi.

Kwa hiyo kila Masatu aliponyonya nilikuwa najua kwamba hakuna atakayekuja nyuma yake. Nilijiwekea ahadi moja ndogo. Siku atakayoacha nitaichagua mwenyewe. Nitakaa chini, nitamtazama, nitajua kwamba hii ndiyo ya mwisho, na ikiisha nitafunga blauzi yangu kwa mikono yangu. Ni hilo tu nililotaka. Sikuwa nataka anyonye mpaka aote ndevu, kama ulivyowatangazia majirani zako.

Nilikuja katikati ya miaka ya tisini, Masatu akiwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Ulinipokea Isebania, mpakani, katikati ya wabadilisha fedha, na ulimchukua mtoto kabla hujanisalimu. Ulimpima kwa mikono kama mtu anayenunua kuku.

"Nyar Musoma, huyu mtoto ni mzito hivi na bado ako kwa titi?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya kwanza kwangu katika nchi yenu. Nilicheka. Mgeni hucheka hata asipofurahi.

Kukaa nyumbani kwa watu na mtoto wa umri ule ni kazi, sikatai. Vile vitambaa vyako vya kufuma, ulivyovitandika kwenye kila kiti na juu ya redio, Masatu alivikusanya vyote akavitia kwenye ndoo ya maji. Alijaza omena, dagaa wenu, katika kiatu cha mume wako, na mume wako, Mungu ambariki, alikivaa akaenda kazini nacho. Kila alipoharibu kitu uliniangalia mimi. Mtoto alikuwa hana kosa kwako. Mwenye kosa ni mama yake, na kosa lenyewe ulikuwa umeshaliamua tangu Isebania.

"Huyu anasumbua juu ananyonya," ulisema. "Mtoto akiachishwa anapata akili. Saa hii akili yake yote iko kwa hiyo blauzi yako. Anakuja anafungua mwenyewe kama mtu anafungua kabati."

"Ataacha wakati wake ukifika," nilikujibu.

"Wakati wake ni gani? Akue chifu?" Wenzako waliokuwa wakichambua sukuma wiki na wewe walicheka, mmoja akanigusa bega kunipa pole. "Na mzee wako je? Unanyonyesha, unanyonyesha, yule mwingine atapita wapi? Mwanaume atachoka kungoja, ataenda kutafuta huko nje."

Hapo ndipo ningekwambia. Niliyafikisha maneno mpaka kwenye meno nikayameza, kwa sababu mlikuwa wanne pale na sukuma ilikuwa bado nusu karai. Nilimchukua mwanangu nikaingia naye chumbani, kwani sebuleni ulikuwa umenikataza kumnyonyesha wageni wakiwepo, na wageni kwako hawakuisha.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa lile furushi la khanga nililokuja nalo. Jumatano asubuhi ulinikuta jikoni nikimpoza Masatu chai kwenye kisahani.

"Peleka hizi leso Remba," ulisema. "Wanawake wa omena kule wanapenda za Tanzania. Hapa Homa Bay utakaa nazo mpaka zizeeke."

"Na mtoto?"

"Mtoto utapeleka kisiwa? Maji ya kunywa shida, choo shida, walevi wamejaa. Wacha yeye na mimi. Unaenda leo, kesho jioni uko hapa. Nimelea watano, huyu mmoja atanishinda?"

Nilikuamini. Kwani nisikuamini kwa nini? Ulishalala kitandani kwangu ukitetemeka, nikakubadilisha shuka.

Nilimnyonyesha nikiwa nimesimama mlangoni, furushi begani, kwa sababu uliniambia boti la wachuuzi haliwangoji watu wa Musoma. Alinyonya upande wa kushoto. Alipogeuka kutafuta wa kulia nilimtoa nikakukabidhi, nikamwambia mama anarudi kesho. Alinipungia mkono. Wewe ulimshika ule mkono ukampungishia, na ulikuwa unatabasamu. Lile tabasamu nimelirudia miaka mingi, Nyar Kanyamwa, na kila nikilirudia nalichukia upya.

Remba nilikuta mabati yamebanana hadi kuta zinagusana, omena zimeanikwa kila palipo wazi, miziki ya baa tatu ikipigwa kwa pamoja. Ulinielekeza kwa binamu yako Achieng', mwenye hoteli ya chapati na samaki, naye alinipokea vizuri. Khanga ziliisha siku ileile, na Alhamisi mchana niliteremka majini kutafuta boti la kurudi. Nahodha aliniambia limejaa. Niliyaona kwa macho yangu mabenchi mawili hayana mtu. Nikamwonyesha. Akatazama upande mwingine, akasema hao wenyewe wanakuja. Boti likaondoka na mabenchi yake matupu.

Ijumaa ikawa hivyohivyo: mara petroli, mara injini. Kufikia hapo matiti yangu yalikuwa magumu, yana joto, blauzi imelowa mbele na mimi nimejifunika kwa khanga juani. Nilienda nyuma ya hoteli, kwenye majabali, nikayakamua ndani ya maji. Niliona maziwa yakitawanyika meupe kidogo halafu hayapo. Nilikuwa namwaza mtoto kule kwako analia, na nilikuwa nakuonea huruma wewe. Fikiria hilo. Nilikuwa nasema, maskini dada yangu, Masatu anampa taabu.

Niliporudi, Achieng' alikuwa anakata vitunguu. Aliniangalia kifuani, akafuta mikono, akanipa kitambaa kirefu.

"Funga na hii. Funga kabisa, usiogope, hata kama inauma. Na usikamue, ukikamua inajaa tena. Kesho utakuwa umezoea. Si ni mpaka kesho tu?"

"Mpaka kesho nini?"

"Si Nyar Kanyamwa alisema urudi Jumamosi? Mtoto anaachishwa." Aliacha kukata. "Kwani wewe hukujua?"

Alinisoma usoni. Alikishika kichwa chake kwa mkono wenye vitunguu, akasema, "Woi, mama. Mimi nilidhani mmepanga naye."

Kumbe nahodha alijua. Achieng' alijua. Yule mama aliyekuwa akiniuzia chai alijua, ndiyo maana kila asubuhi aliniuliza naendeleaje kwa sauti ya kuuguza. Kisiwa kizima kilikuwa kinanisaidia. Mtu pekee aliyekuwa hajaambiwa kwamba mtoto anaachishwa alikuwa mwenye mtoto.

Jumamosi ulinipokea ufukweni Homa Bay, mikono mitupu. "Mtoto ako Ndhiwa, kwa dani yake. Ako sawa kabisa. Kesho tunaenda." Ulimwita mama yako bibi yake Masatu, na mimi sikuwa na nguvu ya kubisha. Homa ilikuwa imeshanianza. Ulinipikia samaki, ukanisifu kwa kuuza khanga zote, na sijui kama niliongea maneno kumi mpaka kulala.

Kule Ndhiwa tulimkuta amekaa kwenye mkeka kando ya mama yako, ameshika kibuyu kilichokatwa kwa mikono miwili, anakunywa uji wa mtama uliotiwa ukwaju. Alikuwa ameoga, amepakwa mafuta, shavu limejaa. Aliponiona alikiacha kibuyu akaja mbio, akanirukia. Naapa nilikuwa tayari kukusamehe pale. Nilikaa chini kwenye mkeka uleule, nikafungua kile kitambaa cha Achieng', nikampa.

Alitazama. Akanyoosha kidole, hakugusa.

"Dudu," akasema.

Akashuka mapajani kwangu akarudi kwenye uji.

Ulicheka, Nyar Kanyamwa. Ulipiga makofi. "Umeona? Siku tatu. Huyu wangu wa pili alichukua wiki mbili na pilipili juu. Tulimwambia iko na dudu, akaogopa mara moja, hata hakulia sana. Nimekusaidia, sasa unaweza kutafuta mwingine. Hata ahsante hakuna?"

Nilisimama nikakichukua kile kibuyu kutoka mikononi mwa mtoto, nikamwaga uji chini mbele ya mama yako.

Najua nilichokifanya. Kwenu na kwetu ni kitu kimoja: chakula cha mzee hakimwagwi mbele ya macho yake, tena nyumbani kwake, tena na mgeni. Mtoto alianza kulia, analilia uji. Wewe ulisema neno moja kwa Kiluo ambalo sikulielewa na sikutaka kulielewa. Nilimfunga Masatu mgongoni huku akipiga mateke, nikashika njia. Nilipofika barabarani niligeuka nikamwona mama yako anakuja nyuma, na magoti yake yale, amebeba kuku aliyefungwa miguu. Mgeni wake asingeondoka mikono mitupu, hata yule aliyemwaga uji. Alinyoosha mkono na yule kuku. Nilimpa mgongo nikapanda gari.

Migori nilishindwa kuendelea. Nilichukua chumba cha kulala wageni saa sita mchana, matiti yamekuwa mawe, meno yanagongana kwa homa. Masatu alilala. Nikasema, akiwa usingizini hatajua. Nilimweka taratibu upande wa kulia, ule alioukosa Jumatano. Alivuta mara moja, pengine mbili, halafu akafumbua macho akaona yuko wapi. Alipiga kelele za hofu mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango. Mwanangu alikuwa ananiogopa mimi, Nyar Kanyamwa. Alijibanza ukutani akinitazama, na nilipojifunika ndipo alipokubali nimshike.

Nyumbani Musoma nilisubiri mtu mmoja aniunge mkono. Mume wangu alisema, afadhali, alikuwa mkubwa. Mama yangu mzazi, anayejua yote, alisema nikuandikie kukushukuru, kwa sababu kumwachisha mtoto ni kazi ya mtu mwingine siku zote, mama mwenyewe huwa haiwezi. Kwetu pia mtoto hupelekwa kwa bibi. Hilo nalijua, usinifundishe. Lakini bibi huja kumchukua mbele ya mama yake. Mtoto wa mtu huombwa.

Ulituma nguo za Krismasi kwa wachuuzi wa Isebania, miaka mitatu mfululizo. Kaptura, shati, viatu vidogo vyenye taa. Nilizigawa zote kwa majirani. Uliwaambia wachuuzi shukrani ya punda ni mateke, wakanifikishia. Mwaka wa nne hukutuma, na nilijikuta Desemba nzima namwuliza kila anayevuka kama ana mzigo wangu. Nilijikasirikia kwa hilo kuliko nilivyokukasirikia wewe.

Ungejua habari ya kizazi changu, ungefanya? Nimejiuliza sana. Usingefanya. Wewe ni mjuaji, una mdomo, unapanga maisha ya watu kama vitambaa vya kiti, lakini ukatili huna. Ulifanya ili nipate mwingine. Jibu hilo halinisaidii. Ningependa ungekuwa mbaya, nimalizane nawe.

Nimekuandikia sasa kwa sababu mwezi uliopita mke wa Masatu alikuja kutoka Mwanza na binti yao, somo wangu, ana mwaka na nusu. "Mama, mimi nimeshindwa," akasema. "Kaa naye wiki moja, akirudi awe amesahau." Alikuwa ameniomba. Nilimwambia sawa, lakini kwanza kaa pale kwenye kiti, mnyonyeshe pande zote mbili, ujue kwamba hii ndiyo ya mwisho. Alikaa. Alimnyonyesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili anajibu ujumbe wa kazini kwenye simu. Mtoto alipoachia, alimfuta mdomo, akafunga kifungo, akasema, "Haya mama, tayari." Nilimsindikiza stendi nimefura kwa hasira, na nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi nilipotambua kwamba hasira si yake. Yeye alipewa nilichokitaka mimi na hakuwa na haja nacho. Ana haki.

Siku ya pili mchana yule mtoto aliamka, akanifuata jikoni, akatia mkono ndani ya blauzi yangu. Akapapasa matiti yaliyobaki ngozi. Akainua macho akanitazama, midomo imeanza kukunjika.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Dudu."

Aliutoa mkono upesi, kama baba yake. Mimi nilikaa pale nimeshika upawa. Halafu niliinuka nikaloweka ukwaju. Sijawahi kuupika ule uji maishani mwangu, ukwaju sokoni naupita kama sijauona, lakini mikono ilijua: mtama, moto mdogo, ukwaju uchujwe mwishoni. Alikunywa vikombe viwili akaomba tena. Nilionja kilichobaki. Ulikuwa mtamu, na nilikaa jikoni nikalia juu ya sufuria ya uji wenu kama mtu aliyefiwa.

Sijakuandikia kukusamehe, usije ukawasomea watu ukidhani hivyo. Ila mama yako, kama bado yupo, mwambie yule kuku leo ningempokea kwa mikono miwili. Kama hayupo, ninyamazie tu. Salamu hizo ni zake. Zako ni hizi: alikuwa wa mwisho, na upande wa kulia hakuupata. Ungeniuliza siku ile jikoni, ningekwambia.

Nadhani ningekwambia.

Aliyekuwa dada yako,
Mama Masatu